Kisima Hupimwa Kiangazi, Choo Hupimwa Masika

Juma lililopita, katika duka mojawapo la pampu na mabomba hapa Kariakoo, tulimkuta mzee mmoja wa Jambiani aliyevuka bahari kuja kununua pampu ya kisima alichokichimba shambani mwake mwaka jana. Tiketi ya boti ya alasiri ilikuwa mfukoni, na fedha alizozifunga katika kitambaa zilikuwa bei ya ng'ombe wawili.

"Kisima chako kirefu kiasi gani, shekhe?" aliuliza kijana wa duka.

"Fundi kasema futi arobaini, au hamsini. Nipatie hiyo kubwa, mwanangu, ndogo itanirudisha tena huku."

Kijana akaiteremsha kubwa. Hapo sisi tukathubutu kumwuliza mzee maji yenyewe husimama wapi ndani ya kisima wakati wa kiangazi. Akatujibu kwa uungwana kwamba masika huyaona kwa macho, yako juu. Kiangazi hajapata kuyapima. Tukamwuliza choo kiko upande gani. "Hapo hapo nyuma ya nyumba," alisema, akanyoosha mkono kuonyesha umbali wa kutoka mlango wa duka hadi ng'ambo ya barabara.

Hatumlaumu mzee huyu hata chembe. Amefanya kama wafanyavyo maelfu ya wananchi wa mwambao na visiwani, pamoja na wafanyabiashara wa Kariakoo wenye elimu na magari, ambao siku hizi hununua mashamba Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo na Kigamboni. Kwanza hununuliwa ardhi, kisha humwagwa tofali, kisha hutafutwa mchimbaji, na mwisho hununuliwa pampu. Swali la maji yako wapi, na yanapokea nini kutoka kwa majirani, huulizwa tumbo la mtoto likisha kuanza kuendesha.

Maoni yetu katika safu hii ni kwamba kina cha maji na usalama wa maji ni swali moja, wala haliwezi kujibiwa kwa kuyatazama mara moja. Maji ya ardhini hupanda na kushuka. Katika mwambao wetu hushuka kabisa mwishoni mwa kaskazi, mwezi wa Februari au Machi kabla mvua hazijaanza, na hupanda kabisa masika yanapokwisha, Mei au Juni. Mwenye shamba anahitaji vipimo vyote viwili, kwa sababu kila kimoja kina kazi yake. Kipimo cha kiangazi ndicho kinachoamua urefu wa kisima na nguvu ya pampu, maana kisima kilichochimbwa masika hukauka Februari. Kipimo cha masika ndicho kinachoamua choo, maana shimo lililokuwa kavu Februari huenda likawa limezama ndani ya maji mwezi Mei, na hapo choo na kisima huwa chombo kimoja chenye midomo miwili.

Kupima si kazi ya mtaalamu peke yake. Kamba isiyonyumbuka, iliyofungwa jiwe na kupigwa fundo kila futi, yatosha. Kamba huteremshwa alfajiri kabla mtu yeyote hajateka, hutolewa, na sehemu kavu huhesabiwa kutoka ukingoni. Kisha kisima huvutwa maji kwa saa kadhaa kwa mwendo ule ule na kupimwa tena, ili ijulikane maji hushuka kiasi gani yanapotumiwa na hurudi kwa muda gani. Aliyeko karibu na pwani apime siku ya bamvua na siku ya maji mafu pia, kwani visima vya pwani hufuata bahari. Tarehe na vipimo viandikwe katika daftari. Daftari la miaka mitatu la mkulima mmoja laweza kumwambia mhandisi mambo ambayo ziara ya siku moja haiwezi.

Lipo na jambo la mwelekeo. Maji chini ya ardhi hayakusimama kama maji ya mtungi. Yanatembea, polepole mchangani na upesi zaidi penye nyufa, yakielekea bondeni, mtoni au baharini. Kisima kilichoko juu ya choo kwa mwendo huo ni kheri kuliko kilichoko chini yake. Waashi wanao mpira wa maji wa kupimia usawa wa msingi. Kwa mpira huo huo, na visima vitatu vya majirani visivyokaa katika mstari mmoja, waweza kulinganisha midomo ya visima hivyo, ukatoa kina cha maji ya kila kimoja, ukajua maji ya kiambo kizima yanaelekea upande gani. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Tunashangaa kwamba haifundishwi katika kila shule yenye bustani.

Sasa turudi kwenye pampu ya mzee wetu. Aliyezaliwa bara hujifunza kwamba kisima kikikosa maji huongezwa kina. Katika kisiwa chenye mawe ya matumbawe, kama ulivyo upande wa mashariki na kusini wa Unguja, kanuni hiyo huleta hasara. Maji matamu ya huko ni ya mvua tupu, nayo yameelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa kizima, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Wahandisi wa Uholanzi na Ujerumani waliokuwa wakichunguza pwani zao tangu mwishoni mwa karne ya 19 walionyesha hesabu yake: kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hesabu hiyo yaonekana ni ya neema, lakini igeuzwe isomwe upande wa pili. Ukiyashusha maji ya juu kwa nusu mita tu kwa kuyavuta kwa nguvu, chumvi hupata nafasi ya kupanda mita 20 kutoka chini. Na maji ya chumvi yakisha kuingia, kuyatoa ni kazi ya misimu mingi ya mvua. Kwa hiyo pampu kubwa katika kisima cha Jambiani haileti maji mengi, inaikaribisha bahari. Pampu ndogo inayovuta kidogo kidogo mchana kutwa na kujaza tangi ndiyo inayofaa, na visima viwili vifupi vilivyoachana ni bora kuliko kimoja kirefu.

Tulimweleza mzee haya kwa ufupi. Kijana wa duka hakufurahi, na twamwelewa.

Upande wa uchafuzi, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta somo, kwani tumelikalia. Kariakoo hii, iliyopata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Kiingereza cha Vita Kuu ya Kwanza, ilipimwa viwanja vidogo vilivyonyooka, na katika uani wa nyumba ya Kiswahili ndimo mlimopangwa jiko na choo cha shimo. Kwa nyumba ya ghorofa moja na watu wachache mpango huo ulistahimilika. Mtambo wa Ruvu Juu ulipoanza mwaka 1959, na wa Ruvu Chini mwaka 1976, mji ulipata maji kutoka mtoni, na visima vikapuuzwa. Lakini mji ulikua kuliko mabomba. Ukame wa mwaka 1997 ulipoinyima Ruvu maji, Serikali ililazimika kuchimba visima vya dharura jijini, na tangu hapo kila mwenye uwezo akachimba chake. Nyumba za uani zikabomolewa, yakapanda maghorofa, na mahali pa familia nne pakakaa maduka mia na wapangaji wasiohesabika, wakati mfumo wa mabomba ya maji taka ukiendelea kuwafikia wakazi wachache tu wa Dar es Salaam. Waliobaki hutegemea mashimo na makaro, yaani hutegemea ardhi, ambayo ndiyo hiyo hiyo wanayochimba maji.

Matokeo yake yamepimwa. Mtaalamu Rubhera Mato, aliyefanya uchunguzi wa maji ya ardhini ya Dar es Salaam na kuutoa kuwa tasnifu mwaka 2002, alikuta visima vya mji vimeingiwa na naitreti na vijidudu vya kinyesi. Chumvi pia husumbua visima vilivyo karibu na bahari. Kariakoo imekaa juu ya mchanga, na bonde la Msimbazi liko hapo jirani. Fundi yeyote aliyechimba msingi wa ghorofa hapa ajua kwamba maji hayako mbali. Na kila masika wapo watu ambao, badala ya kulipa gari la kunyonya, hungoja mvua kubwa wakatapisha vyoo vyao mitaroni. Uovu huu una jina linalojulikana na kila mtoto wa mjini, lakini wanaofikishwa mbele ya sheria kwa ajili yake ni haba mno.

Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo kwa redio na vikundi vya kusoma iliwafikia watu wapatao milioni mbili, na moja ya matunda yake ilikuwa kuchimbwa kwa vyoo kila pembe ya nchi. Vyoo vile viliokoa maisha, wala hapana anayeweza kudharau kazi ile. Hata hivyo hatuna budi kukiri kwamba somo liliishia kwenye kuchimba. Wananchi walifundishwa kuwa choo kiwe kirefu, wengi wakaelewa kuwa kadiri kinavyozidi urefu ndivyo kinavyozidi ubora. Penye maji ya juu, urefu ndio hatari yenyewe. Udongo mkavu wenye hewa, uliopo kati ya sakafu ya shimo na maji, ndio unaochuja na kuua vijidudu. Uchafu ukisha kuingia katika udongo uliolowa husafiri pamoja na maji mbali zaidi. Ndiyo sababu kipimo kinachotumika duniani ni kwamba sakafu ya shimo ikae angalau mita moja na nusu juu ya maji yanapokuwa juu kabisa, na shimo liwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Ikiwa maji ya masika yako mita mbili chini ya uso wa ardhi, shimo halina ruhusa ya kuzidi nusu mita, maana yake choo kiinuliwe juu kwa tofali na kupandwa kwa ngazi. Wapo watakaocheka choo cha ngazi.

Penye mawe ya matumbawe hata hizo mita 30 hazina dhamana. Maji hayachujwi na ufa wa jiwe. Hupita humo kama yapitavyo katika bomba, na uchafu wa choo cha jirani waweza kufika kisimani haraka na ukiwa na nguvu zake zote. Huko hakuna njia ila karo lililofungwa chini na pembeni, linalonyonywa likijaa.

Wengi wetu tuliopita vyuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa kuyahukumu maji kwa sifa tatu: rangi, tamu na harufu. Hukumu ile ni ya tahara, na katika jambo lake ni sahihi. Walimu wetu hawakudai kamwe kwamba ni hukumu ya tumbo. Kijidudu cha kipindupindu hakina rangi, naitreti haina harufu, na maji yaliyo safi machoni huweza kumuua mtoto. Katika mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuvuka hadi Unguja na Pemba, hadi Aprili 2016 walikuwa wameugua zaidi ya watu 24,000 nchini, visiwani pekee wakiwa zaidi ya 3,000, na waliokufa walizidi 370. Tunaamini wengi wao waliyatazama maji yao kabla ya kuyanywa, wakayaona mazuri.

Lakini vyuo vile vile vilitufundisha pia jambo ambalo limesahauliwa, nalo ni harimu ya kisima. Sheria ya Kiislamu ilikitambua kisima kuwa na eneo lake linalokizunguka, ambalo mtu mwingine haruhusiwi kulichimba wala kulitumia kwa namna ya kukidhuru. Wapo wanazuoni waliolikadiria eneo hilo kuwa dhiraa arobaini, yaani karibu mita 18 au 20, na wapo walioliacha lipimwe kwa haja ya kisima chenyewe. Karne nyingi kabla ya kujulikana kwa vijidudu, watu walielewa kwamba mwenye kisima hana kisima kama hana mamlaka juu ya ardhi inayokizunguka. Mhandisi wa leo husema mita 30. Fakihi alisema dhiraa arobaini. Katika viwanja vyetu vya sasa hatumfuati hata mmoja.

Hapa ndipo tunapowaelekea watendaji. Mashamba ya Mkuranga na Kigamboni, na hata baadhi ya mashamba ya Unguja, yanakatwa vipande na kuuzwa. Kipimo kilichozoeleka ni mita 20 kwa 20. Mtoto wa darasa la saba aweza kukokotoa kwamba katika kipande hicho, kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, hakuna mita 30. Zipo 28 na ushei. Maana yake ni kwamba mwananchi aliyeuziwa kipande hicho, hata akiwa mtiifu kuliko wote, hawezi kuweka choo na kisima chake katika umbali unaotakiwa. Na hata angeweza, amezungukwa na majirani wanane wenye vipande kama chake, kila mmoja na kisima chake, kila mmoja na shimo lake. Afisa anayeidhinisha mgawanyo wa namna hiyo mahali pasipo na bomba la maji wala la maji taka, anaidhinisha Kariakoo nyingine isiyo na soko.

Jambo hili lina dawa, nayo si ngeni. Kabla shamba halijakatwa, maji yake yapimwe kiangazi na masika. Eneo la juu kwa mwendo wa maji litengwe kwa ajili ya kisima kimoja cha wote, kirefu, kilichojengwa vizuri, chenye harimu yake isiyouzwa. Vyoo na makaro vikae chini yake. Muuzaji atalalamika kwamba kipande kimoja au viwili vimempotea. Tunamwambia kwamba vipande vilivyobaki vitakuwa na maji ya kunyweka, na hilo lina bei. Ingekuwa vyema halmashauri zisipokee ramani yoyote ya mgawanyo isiyoambatana na vipimo hivyo.

Msingi wa sheria upo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, yasema maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ameyashika kwa niaba ya wananchi. Ardhi unaweza kumilikishwa, lakini maji yaliyo chini yake si yako peke yako. Kwa Dar es Salaam na jirani zake mwenye dhamana ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Vijijini upo Wakala wa Maji, RUWASA, tangu mwaka 2019. Zanzibar ipo Mamlaka ya Maji, ZAWA, kwa sheria ya mwaka 2006. Vyombo havikukosekana. Kinachokosekana ni daftari ambalo mwananchi anaweza kulifungua. Mchimbaji akichimba kisima hupata habari za thamani kubwa: udongo wa kila tabaka, kina maji yalipoonekana, kina yaliposimama, kiasi kilichotoka, utamu au chumvi yake. Habari hizo zikiandikwa huishia katika jalada la mchimbaji au la ofisi. Jirani wa hatua mia moja akitaka kuchimba, huanza upya kama kwamba hakuna aliyemtangulia, na mara nyingi humlipa mtu mwenye kijiti cha mti amwonyeshe mahali.

Tunapendekeza kila kata na kila shehia iwe na daftari la visima. Liandikwe kisima cha nani kiko wapi, kilichimbwa lini, maji husimama kina gani Februari na kina gani Mei, na kilipimwa lini mara ya mwisho. Lipatikane kwa mtendaji wa kata au kwa sheha, na asomewe yeyote anayeuliza, bila barua wala ada. Wapo maofisa watakaosema habari hizi ni za kitaalamu na wananchi watazitafsiri vibaya. Tunawajibu kwamba mwananchi asiye na habari yoyote ameshazitafsiri vibaya tangu zamani.

Kuhusu kupima ubora wa maji, machache. Vipimo vitatu vya kuanzia ni vijidudu vya kinyesi, naitreti na chumvi. Katika mililita 100 za maji ya kunywa hakutakiwi kionekane kijidudu cha kinyesi hata kimoja. Naitreti, kwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani, isizidi miligramu 50 kwa lita. Vijidudu hufa kwa kuchemsha au kwa klorini. Naitreti haifi, na kuyachemsha maji huizidisha kwa kuwa maji hupungua nayo hubaki. Hatari yake kubwa ni kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, ambaye damu yake hushindwa kubeba hewa. Kwa hiyo mama aliyeambiwa "chemsha tu" ameambiwa nusu ya habari. Sampuli ichukuliwe baada ya mvua kubwa, wakati hali ni mbaya, na ipelekwe katika maabara ya maji ya Serikali kwa chupa safi iliyotolewa na maabara yenyewe, siku ile ile. Chupa ya soda iliyosuuzwa haifai.

Kabla ya kutuhumu ardhi, mwenye kisima atazame mdomo wa kisima chake. Uchafu mwingi huingilia juu. Kisima kisicho na ukingo, kilichofunikwa kwa bati lenye kutu, chenye ndoo kumi za watu kumi zilizolala chini na kuku wakikatiza, hakihitaji choo cha jirani ili kiharibike. Ukingo wa saruji, sakafu yenye mtelemko wa kutoa maji nje, mfuniko, na ndoo moja isiyogusa ardhi, huleta nafuu kubwa kwa gharama ndogo. Aliye jirani na kituo cha mafuta, gereji au jalala la zamani lililofukiwa, huyo asijidanganye na ukingo. Atafute maji kwingine.

Wapo watakaotuuliza kwa nini tuwaandame wenye mashamba ya ekari moja wakati wakubwa wanaachwa. Swali hili ni la haki, hasa kwa ndugu zetu wa visiwani. Mtafiti Stefan Gössling aliyechunguza pwani ya mashariki ya Unguja alitoa mwaka 2001 hesabu kwamba mtalii mmoja alitumia kwa wastani lita 685 kwa siku, wakati mwenyeji alitumia chini ya 50. Maji hayo yalitoka katika tabaka lile lile jembamba lililoelea juu ya chumvi. Mzee wa Jambiani akipunguza pampu yake kwa ajili ya umma, huku jirani mwenye bwawa la kuogelea akivuta usiku na mchana, atakuwa amejinyima bure. Daftari tunalolipendekeza lianze kwa visima vikubwa, na kisima cha hoteli kiandikwe ukurasa wa kwanza.

Serikali yenyewe imeonyesha kwamba maji ya ardhini yakishughulikiwa kwa ujuzi hulipa. Visima virefu vya Kigamboni, vinavyofika mamia ya mita chini, mbali na uchafu wa juu, vilizinduliwa Novemba 2022 vikiwa na uwezo wa kutoa lita milioni 70 kwa siku, baada ya ukame wa mwaka 2021 kuupunguzia tena maji mto Ruvu na kuutia mji mgao. Visima vile havikubuniwa kwa kijiti. Vilitanguliwa na miaka ya kupima. Soko letu la Kariakoo pia, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1975, liliezekwa kwa miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini ili ikinge maji ya mvua. Tunalitaja kwa sababu mwenye shamba la kisiwani anaweza kufanya vivyo hivyo kwa bati lake na simtanki moja, akanywa mvua na kukiachia kisima kazi ya kufua na kumwagilia.

Mzee wetu aliondoka na pampu ndogo. Kijana wa duka, tumpe haki yake, alimkatia na kamba bure, akamwonyesha jinsi ya kupiga mafundo kwa rula ya kaunta. Kuhusu choo, mzee alisema atalizungumza na sheha wake, kwa maana cha jirani kiko karibu na kisima kuliko chake mwenyewe, na yeye si mtu wa kwenda kumwambia jirani habari za choo. Sheha huyo, kama anasoma gazeti hili, atategemea mgeni Ijumaa baada ya sala.